Ukaguzi wa mwaka umeisha kwenye ndege ya parachuti: kibali maalumu cha FAA kinaruhusu kubeba warukaji?

Rubani_Nyanda

Habari zenu wakuu. Naomba ufafanuzi kwa wanaozijua sheria za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, marubani na mafundi.

Ndege ni Cessna 182J ya mwaka 1966, imebadilishwa kwa kazi ya parachuti. Viti vyote vimetolewa isipokuwa cha rubani, mlango wa kulia ni ule unaofunguka kwenda juu angani, na kuna kikanyagio cha nje cha warukaji. Iko Texas. Ukaguzi wa mwisho wa mwaka ulisainiwa tarehe 14 Mei 2024, na sasa tuko Juni 2025. Novemba ilifanyiwa ukaguzi wa saa 100, na tangu hapo takomita imesogea saa 97.3. Fundi atakayefanya ukaguzi wa mwaka yuko uwanja mwingine, maili za baharini 58 kutoka hapa.

Mwenye ndege anataka niihamishe mwisho wa wiki hii. Anasema ataomba kibali maalumu cha kuruka, na ili safari ijilipie mafuta nibebe warukaji 4 watakaoruka tukifika juu ya uwanja wa fundi. Hoja yake ni kwamba hawatui na ndege, kwa hiyo si abiria. Hoja ya pili ni kwamba sheria inatoa ziada ya saa 10, kwa hiyo hata bila kibali tungeweza kwenda.

Nina leseni ya rubani wa biashara na cheti cha afya cha daraja la pili. Naweza kubeba watu hao kihalali?

---

Logibuku

Kabla ya yote, fungua logibuku ya ndege na ya injini uangalie ule ukaguzi wa Novemba ulisainiwa na nani na kwa maneno gani. Kama aliyesaini ana mamlaka ya ukaguzi, IA, na ameandika kuwa ni ukaguzi wa mwaka, basi mwaka wako unaanza Novemba na huhitaji kibali chochote. Ukaguzi wa mwaka unaweza kusimama mahali pa ule wa saa 100. Wa saa 100 hausimami mahali pa ule wa mwaka, hata kama kazi iliyofanyika ni ile ile, kwa sababu fundi wa A&P (fundi wa mwili wa ndege na injini) asiye na IA hana mamlaka ya kuusaini kuwa wa mwaka.

---

Rubani_Nyanda

Nimeangalia. Umesainiwa na A&P pekee, na umeandikwa "saa 100".

---

Bawa_la_Kulia

Basi mwaka umekufa. Tuhesabu vizuri: kifungu 91.409(a) cha kanuni za FAA kinasema miezi 12 ya kalenda, kwa hiyo ukaguzi wa tarehe 14 Mei 2024 ulikuwa hai hadi tarehe 31 Mei 2025 usiku. Kuanzia Juni mosi ndege hiyo hairuki, iwe na abiria au bila abiria, kwa malipo au bure. Hapo hoja ya "si abiria" inaanguka, kwa sababu kifungu hicho hakiulizi nani yumo ndani. Kinasema mtu asiendeshe ndege.

Saa 10 za ziada anazozisema mwenye ndege zipo, ila ziko 91.409(b), na ni za ukaguzi wa saa 100 tu. Ukaguzi huo unadaiwa pale unapobeba mtu yeyote asiye mhudumu wa ndege kwa malipo, au unapofundisha kwa malipo kwa ndege unayoitoa wewe. Zile saa 10 hutumika ndege ikiwa njiani kwenda mahali pa kukaguliwa, na zikitumika hukatwa kwenye saa 100 zinazofuata. Ukipitisha saa 4, ukaguzi unaofuata unadaiwa baada ya saa 96. Hakuna ziada ya namna hiyo kwenye ukaguzi wa mwaka, hata ya siku moja. Na wewe hujafika hata 100, una 97.3, kwa hiyo hoja hiyo haikuhusu kwa vyovyote.

Kumbuka pia upande wa pili, maana wengi huchanganya: ndege iliyopitisha saa 100 lakini mwaka wake ungali hai haihitaji kibali maalumu. Rubani anaweza kuipeleka kwa fundi akiwa peke yake. Kibali kinahitajika kwako kwa sababu ya mwaka.

Sasa kibali chenyewe. Kinatoka kwenye 21.197, na kimewekwa kwa ajili ya ndege ambayo kwa sasa haitimizi masharti ya ubora wa kuruka lakini inaweza kuruka salama. Sababu zinazokubalika zimetajwa: kuipeleka mahali pa matengenezo au pa kuihifadhi, kuikabidhi au kuisafirisha nje, kuijaribu ikiwa mpya kutoka kiwandani, kuiondoa penye hatari inayokuja kama kimbunga, na kumwonesha mteja ndege mpya. Kurusha watu wa parachuti hakumo. Yako itaombwa kwa sababu ya kwanza, na masharti yatakayoambatanishwa yataruhusu ndani ya ndege wahudumu wanaohitajika kuiendesha tu. Kwa Cessna 182 hiyo ni rubani mmoja. Mrukaji si mhudumu wa ndege, hata akiwa mwalimu wa tandemu, hata akiwa na leseni ya urubani mfukoni. Hata fundi wako hapandi, isipokuwa kazi yake angani imeelezwa kwenye maombi na ikakubaliwa.

Ukibeba wale 4, kibali hakikulindi tena, kwa sababu umetoka nje ya masharti yake. Unabaki na ndege isiyo na ukaguzi wa mwaka, watu 4 ndani, na jina lako kama rubani mkuu. Kifungu 91.7 kinamtaja rubani mkuu kuwa ndiye mwenye jukumu la kuamua kama ndege iko katika hali ya kuruka salama. Mwenye ndege naye atakuwa na la kujibu, lakini leseni itakayofuatwa kwanza ni yako.

---

Hangari_Namba_4

Nakubaliana na mkuu hapo juu kwa kila neno. Naongeza upande wa fundi, kwa sababu hapa ndipo maombi mengi hurudishwa.

Maombi hujazwa kwenye fomu 8130-6 na kupelekwa ofisi ya FAA inayosimamia eneo ambalo ndege ipo sasa, FSDO, si eneo inakokwenda. FAA hailipishi. Ukimtumia mwakilishi wa ubora wa ndege aliyeteuliwa, DAR, huyo ana bei yake, ila mara nyingi ni mwepesi zaidi kupatikana. Mwombaji ni mwenye ndege au wakala wake. Kama utaomba wewe kwa niaba yake, uwe na barua yake yenye saini.

Kifungu 21.199 kinataka ueleze: kusudi la safari, njia utakayopita, wahudumu wanaohitajika, kila jambo ambalo ndege haitimizi, na vizuizi unavyoona vinafaa kwa usalama. Hapo kwenye "kila jambo" watu huandika "ukaguzi wa mwaka umeisha" na kuishia hapo. Kwa ndege yenu hiyo haitoshi. Cessna za aina hii zina agizo la ubora AD 2011-10-09 la reli za viti, na ukaguzi wake hurudiwa kila saa 100 au miezi 12, lolote litakalotangulia. Angalia lilisainiwa lini. Kama lilifanywa Mei 2024 na halikurudiwa Novemba, nalo limepitwa, na lazima liandikwe kwenye maombi au lifanywe kabla ya kuruka. Mimi ningelifanya. Ndege yenu imebaki na kiti kimoja, kazi yenyewe ni ya muda mfupi. Kiti kikiteleza nyuma wakati wa kupaa, rubani huvuta usukani pamoja naye, pua inainuka na miguu haifiki tena kwenye pedali. Agizo lile lilikuja kwa sababu ya ajali za namna hiyo.

Pitia orodha yote ya AD kwa utaratibu huo huo. Kifungu 39.23 kinaruhusu kwa jumla kupeleka ndege kwa fundi ikiwa na AD isiyotimizwa, isipokuwa agizo lenyewe limekataza. Yapo yanayokataza, kwa hiyo soma maandishi ya kila moja lililopitwa.

Halafu fundi wa A&P aikague ndege pale ilipo na kuandika kwenye logibuku maneno ya maana hii: "Nimeikagua ndege hii na nimeiona salama kwa safari iliyokusudiwa", pamoja na tarehe, saa za takomita, saini na namba ya cheti chake. Hapo IA haihitajiki. Fundi asisaini kwa simu. Afungue kava za injini, akague kebo na viungo vya usukani, mabomba ya moshi, breki, matairi na betri, achunguze viota vya ndege na panya ndani ya mabawa na mkiani, kisha injini iwashwe na magineto zote mbili zijaribiwe.

Mafuta ni jambo la peke yake kwa 182 ya miaka hiyo. Tangi zake ni mifuko ya mpira ndani ya bawa. Mfuko ukikunjamana sakafuni, maji hukaa nyuma ya mkunjo na hayafiki kwenye kitoleo. Unachota sampuli safi, unapaa, pua inapobadilika maji yanamwagika kwenye bomba. Chota sampuli, tikisa mabawa, shusha mkia hadi karibu na ardhi, ngoja dakika kadhaa, chota tena. Endelea hadi sampuli mbili mfululizo zitoke bila tone la maji. Kagua na vifuniko vya tangi juu ya bawa, mpira wake ukichakaa mvua inaingia moja kwa moja.

Kibali kikitoka huja kwenye fomu 8130-7 na karatasi ya masharti. Vyote viwe ndani ya ndege, kibali kikiwa mahali kinapoonekana mlangoni au kwenye chumba cha rubani. Usajili wa ndege uwe hai pia. Kibali hakifufui usajili uliokwisha.

---

Rubani_Nyanda

Asanteni sana. Nimeelewa kuwa warukaji hawapandi. Masharti kwenye ile karatasi huwa yapi kwa kawaida? Na kuna jambo la pekee kwa ndege isiyo na viti?

---

Hangari_Namba_4

Tarajia haya: mchana tu, kwa kuona nje na si kwa vyombo, njia ya moja kwa moja inayokwepa miji na mikusanyiko ya watu, safari ya upande mmoja, na tarehe ya mwisho. Kama unapanga kutua mahali pa kati kuongeza mafuta, uwanja huo uandikwe kwenye maombi. Mahali usipopataja ni kama hapapo.

Kuhusu ndege isiyo na viti, tumia uzito na mizani ya hali iliyopo sasa, siyo ile ya kiwandani. Fundi aliyeondoa viti na kuweka mlango alipaswa kuandika uzito mpya wa ndege tupu, na kama mlango uliwekwa kwa STC, yaani idhini ya FAA ya kubadilisha ndege, kuna nyongeza ya kitabu cha ndege inayotakiwa kuwemo ndani. 182J ina kikomo cha pauni 2,800, na wewe peke yako hutakaribia hapo. Tatizo lako liko mbele. Viti vya nyuma havipo, warukaji hawapo, injini ya nguvu farasi 230 iko puani, kwa hiyo kitovu cha uzito kinasogea mbele sana. Piga hesabu kwa uzito wako halisi na kwa mafuta ya kupaa, kisha urudie kwa mafuta ya kutua.

Ikiwa umeangukia mbele ya mpaka, usitupie mifuko ya mchanga nyuma kienyeji. Mzigo wa kusawazisha unakubalika ukiwa umehesabiwa, umefungwa, na umetajwa kwenye maombi. Hata ukiwa ndani ya mpaka, tua kwa uangalifu. 182 nyepesi yenye pua nzito, flapu zote zikiwa chini, huishiwa na elevata wakati wa kuinua pua, na gurudumu la mbele linagonga kwanza. Ndivyo ukuta wa bati nyuma ya injini unavyopinda kwenye ndege nyingi za aina hii. Flapu digrii 20, trimu nyuma vya kutosha, nguvu kidogo ya injini hadi magurudumu makuu yaguse.

Mlango wa warukaji uufunge na kuthibitisha kufuli kabla ya kuwasha. Mikanda ya sakafuni ikusanywe na kufungwa, isiachwe ikining'inia karibu na kebo au na pedali.

Kwa maili 58 utakuwa angani kiasi cha dakika 30 hadi 35. Ndege hiyo hunywa kama galoni 13 kwa saa, na sheria inataka akiba ya dakika 30 mchana. Galoni 30 zinatosha kwa nafasi.

---

Mita_Elfu_Nne

Kuna jambo ambalo halijaguswa, na mwenye ndege wako lazima alijue kabla hajapanga safari ya kurudi. Akiambiwa hapana kwa kwenda, wazo linalofuata ni "basi ukaguzi ukishasainiwa, warudi nayo warukaji kutoka kwa fundi waje waruke hapa kwetu".

Ndege za parachuti zinafanya kazi ya malipo bila cheti cha shirika la ndege kwa sababu ya kifungu 119.1(e)(6). Kinahusu safari zisizo na kituo, ndani ya nusu kipenyo cha maili 25 za kawaida kutoka uwanja wa kupaa, zinazobeba watu au vitu kwa ajili ya kuruka kwa parachuti. Maili zako 58 za baharini ni takriban 67 za kawaida. Kubeba warukaji kwa malipo kutoka uwanja wa fundi hadi kwenu hakuingii ndani ya kifungu hicho, hata ndege ikiwa na ukaguzi wa leo asubuhi. Unakuwa umefanya safari ya kukodi chini ya sehemu ya 135 bila cheti chake. Kwa hiyo unarudi bila wao, na wanapanda kwenye uwanja wa kwenu.

Safari ya parachuti nayo ina taarifa na ruhusa zake. Kwenye anga za daraja E na G taarifa kwa kituo cha kuongozea ndege itolewe si zaidi ya saa 24 na si chini ya saa 1 kabla, na redioni uwe umewasiliana angalau dakika 5 kabla ya mtu wa kwanza kutoka. Kwenda kuwaangusha watu 4 juu ya uwanja wa fundi kungedai pia idhini ya uongozi wa uwanja ule, hata kama hauna mnara, chini ya 105.23. Mpango wa mwenye ndege ulikuwa na matundu hata bila suala la ukaguzi.

Mwisho, someni mkataba wa bima kabla ya Jumamosi. Mikataba mingi huhitaji ndege iwe na cheti halali cha ubora, na baadhi hutaka kuarifiwa safari ikiwa ya kibali maalumu. Pateni jibu lao kwa maandishi.

---

Pwani_Kusini

Samahani kwa kuingilia, mimi niko Kenya. Utaratibu huu unafanana na wetu? Mathalani ndege ya 5Y (usajili wa Kenya) iliyokwama Ukunda na fundi aliyekubali kazi yuko Tanga.

---

Bawa_la_Kulia

Wazo ni lile lile, mamlaka ni nyingine. Ndege ya 5Y inaombewa kibali KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, kwa kuwa Kenya ndiyo nchi ya usajili. FAA haihusiki hata kama rubani ana leseni ya Marekani. Lakini Ukunda hadi Tanga umevuka mpaka, na hapo Mkataba wa Chicago unaingia. Kifungu cha 31 kinataka ndege inayokwenda nchi nyingine iwe na cheti cha ubora. Ndege inayoruka kwa kibali maalumu haina cheti kinachofanya kazi, kwa hiyo kibali cha KCAA pekee hakikufikishi Tanga. Utahitaji TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, ikubali kwa maandishi kabla ya kupaa. Kama fundi mwenye idhini anapatikana Wilson au Mombasa, safari ya ndani itakuwa na karatasi chache zaidi.

---

Rubani_Nyanda

Nimempelekea mwenye ndege majibu haya yote. Amekubali niende peke yangu. Swali moja la mwisho: nikikuta mawingu njiani nikalazimika kutua uwanja usiotajwa kwenye kibali, nimevunja sheria?

---

Logibuku

Tua. Rubani mkuu anayo mamlaka ya kukiuka kanuni kwa kiasi ambacho dharura inahitaji, 91.3(b), na kutua kabla hujaingia mawinguni ni uamuzi sahihi. Ila ukishatua usipae tena kwa mazoea. Soma tarehe ya mwisho na maneno ya njia kwenye masharti, kisha piga simu kwa FSDO au DAR aliyetoa kibali na kumweleza ulipo. Anaweza kukirekebisha au kutoa kingine. Namba yake uiandike juu ya ile karatasi ya masharti kabla ya kuondoka, maana viwanja vidogo vya Texas vingi havina mtu wa kuuliza siku za mapumziko.

Na muulize mwenye ndege jambo moja kabla hamjatuma fomu: amewahi kumwomba fundi mwenye IA aje hapo mlipo? Ukaguzi wa mwaka hauhitaji karakana iliyosajiliwa, unahitaji IA, vifaa, vitabu vya ndege na mahali pakavu penye mwanga. Kwa 182 isiyo na viti sehemu kubwa ya sakafu iko wazi tayari. Kama anaweza kuja, hakuna kibali, hakuna safari ya kwenda na kurudi, na kasoro yoyote atakayoikuta ataikuta ndege ikiwa chini.

---

Rubani_Nyanda

Hilo hatukulifikiria. Nampigia fundi kesho asubuhi. Akishindwa kuja, fomu inaondoka siku hiyo hiyo na AD ya reli za viti ikiwa imeandikwa.